Unyonyaji: Historia ya Neno na Namna ya Kulitumia

Katika somo la tafsiri kuna kivumishi kimoja cha Kiingereza ambacho kila mwaka huwasumbua wanafunzi wetu, nacho ni "exploitative". Mmoja huandika "tabia ya kutumia watu", mwingine "tabia ya udanganyifu", na wale waliosoma kwanza kwa Kifaransa huandika "unyonyaji wa madini" pale wanapokusudia uchimbaji wa madini tu. Majibu yote matatu yana sababu zake. Kutumia watu si lazima kuwe uovu, kwani mwalimu humtumia mwanafunzi kuleta chaki na hakuna aliyedhulumiwa. Udanganyifu nao ni jambo jingine, kwa kuwa mtu anaweza kukukamua huku akikuonyesha mkataba wenye kila kitu wazi. Ama hilo la madini, kosa linatokana na Kifaransa, ambamo neno moja hubeba maana ya kulima shamba, kuchimba mgodi na kumdhulumu mfanyakazi. Kiswahili hakikuyachanganya hayo. Shamba hulimwa, mgodi huchimbwa, na mtu ndiye anayenyonywa.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi Kiswahili kilivyopata neno lake la jambo hili, lilivyotumika katika nchi zetu, na funzo analoweza kulipata mtumiaji wa leo, hasa sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili hapa Rwanda. Nia si kutoa orodha ya visawe. Neno hili lina historia, na asiyeijua historia hiyo anaweza kulitumia kwa ufasaha wa sarufi huku akikosea katika jambo kubwa zaidi.

Kitenzi cha mtoto mchanga

Mzizi wetu ni nyonya, yaani kuvuta maziwa kwa mdomo kutoka titini. Kwa asili ni kitenzi kisicho na lawama. Mtoto hunyonya, mama hunyonyesha, na ndama hunyonya kabla ya ng'ombe kukamuliwa. Kutokana na mzizi huo tunapata kauli ya kutendwa, nyonywa. Jina la mtendaji, mnyonyaji. Jina la tendo au hali, unyonyaji. Na umbo la namna, kinyonyaji, linalotupa kivumishi tunachokitafuta: sera za kinyonyaji, mkataba wa kinyonyaji, mfumo wa kinyonyaji. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, ilitolewa wakati maana ya kisiasa ya maneno haya imekwisha kukomaa.

Wanafunzi wetu wanaozungumza Kinyarwanda hawahitaji maelezo marefu kuielewa taswira hii. Kinyarwanda nacho kina usemi wa kunyunyuza imitsi, yaani kufyonza mishipa ya mtu, na maana yake ni ile ile ya kujinufaisha kwa jasho la mwenzio. Lugha hizi mbili za Kibantu zimeliona jambo hili kwa jicho moja: kuna mwili unaopungua na mwingine unaonenepa, na kinachohama kutoka huku kwenda kule ni uhai wenyewe.

Hapa pana fumbo dogo linalofaa kufikiriwa. Ilikuwaje tendo la mtoto, ambalo ni jema na la lazima, likawa jina la dhuluma? Jibu ni kwamba tendo halikubadilika, bali uhusiano ndio uliobadilika. Mtoto hunyonya anachopewa, naye hana njia nyingine ya kuishi. Mtu mzima mwenye nguvu anapofanya vivyo hivyo kwa mtu mzima mwingine, tena bila ridhaa ya kweli, tendo lile lile hugeuka aibu. Tofauti hiyo tutaihitaji mbele.

Kabla ya siasa: kazi, kiboko na mumiani

Kabla Kiswahili hakijawa lugha ya kulaani unyonyaji, kilikuwa pia lugha ya kuuendesha. Ukweli huu hatupendi kuutaja katika vipindi vyetu, lakini wanafunzi wa Rwanda wana haki ya kuujua. Kiswahili kilifika hapa kikiwa na wafanyabiashara wa msafara, askari na makarani wa utawala wa Kijerumani. Mji wa Kigali wenyewe ulianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, na waliozungumza Kiswahili walikuwa miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo. Wabelgiji walipochukua nchi katika Vita Kuu ya Kwanza, waliukuta utaratibu wa wenyeji wa kazi za lazima kwa machifu, uburetwa, ambao ulikuwa umekazwa katika enzi ya Mwami Kigeli IV Rwabugiri mwishoni mwa karne ya 19. Juu yake waliongeza kazi zao: barabara, matuta ya kuzuia mmomonyoko, na upandaji wa kahawa.

Kazi hizo za lazima ziliitwa akazi, na adhabu ya aliyezikwepa ilikuwa ikiboko. Msomaji ataona mara moja kwamba maneno yote mawili yametokana na Kiswahili, kazi na kiboko. Mbele za macho ya mkulima wa miaka ya 1930, basi, Kiswahili kilikuwa lugha ya msimamizi. Wengi walikimbilia Uganda na Tanganyika kutafuta mahali ambapo kazi, ingawa ngumu, ililipwa. Wengine katika miaka ya 1920 waliandikishwa kwenda migodi ya shaba ya Katanga, ambako Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kambi na ya kapita. Uburetwa ulifutwa mwaka 1949, na ubuhake, ule utaratibu wa kumtumikia mwenye ng'ombe, ukafutwa mwaka 1954 kwa amri ya Mwami Mutara III Rudahigwa. Maneno yalibaki. Leo akazi ni kazi yoyote, hata ile ya heshima na mshahara mzuri, na kijana anayetafuta akazi katika viwanda vya Eneo Maalumu la Kiuchumi hapa Masoro hana habari kwamba bibi yake alilisikia neno hilo kwa hofu.

Wakati huo huo, katika miji ya Afrika Mashariki na Kati, watu wa kawaida walikuwa na simulizi zao za kueleza walichofanyiwa. Pwani walizungumza juu ya mumiani, watu waliosemekana kukamata wengine usiku na kuwatoa damu. Nairobi na Kampala walisema ni wazimamoto, yaani wafanyakazi wa magari mekundu ya zimamoto. Katanga waliitwa batumbula. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake Speaking with Vampires cha mwaka 2000, alizikusanya simulizi hizi na kuonyesha kwamba haifai kuzipuuza kama ushirikina mtupu. Zilikuwa njia ya watu kuzungumza juu ya utawala na kazi vilivyowachukulia nguvu zao bila kuwaeleza zinakwenda wapi. Kwa hiyo wanasiasa walipokuja kusema kwamba mkoloni ananyonya damu ya Mwafrika, hawakuwa na haja ya kufafanua. Msikilizaji alikuwa na picha tayari kichwani.

Azimio la Arusha na neno lililopata tafsiri

Neno unyonyaji lilipata nguvu yake kamili nchini Tanzania. Chama cha TANU, kilichoasisiwa tarehe 7 Julai 1954, kilifanya siasa zake kwa Kiswahili, na magazeti ya Kiswahili kama Mwafrika, Ngurumo na baadaye Uhuru yalieneza msamiati mpya. Maneno ya zamani yalipewa kazi mpya. Bepari, lililotoka Bara Hindi na maana ya mfanyabiashara, likawa jina la mwenye mtaji anayeishi kwa jasho la wengine. Kabaila, aliyekuwa mtu wa ukoo bora, akawa mwinyi wa ardhi. Beberu, dume la mbuzi, akawa dola linalotawala wengine. Mnyonyaji akapewa ndugu zake: kupe, yule mdudu anayejibandika kwenye ngozi ya ng'ombe, na mrija, ambao kazi ya wananchi ilikuwa kuukata.

Maana hizi mbili za bepari, ya zamani na mpya, zinaonekana vizuri katika kitabu kimoja. Mwaka 1969 Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ihusuyo mfanyabiashara wa Venisi, akaiita Mabepari wa Venisi. Mzee wa pwani angeweza kulisoma jina hilo kama wafanyabiashara tu. Kijana wa wakati ule, miaka miwili baada ya Azimio, hakuweza.

Azimio la Arusha lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari. Katika maelezo yake ya Ujamaa, jambo la kwanza ni kutokuwepo kwa unyonyaji. Kinachomvutia mwalimu wa lugha ni kwamba Azimio halikuliacha neno hilo likielea. Lilieleza kwamba katika nchi ya kijamaa kila anayeweza kufanya kazi hufanya kazi, na likawatoa katika hukumu hiyo watoto, wazee, wasiojiweza na wale ambao taifa halijaweza kuwapatia kazi. Yaani mtoto anayenyonya si mnyonyaji. Lile fumbo la kitenzi chetu lilipata jibu katika hati ya chama.

Kisha Azimio likawageukia viongozi wenyewe kwa masharti yanayohesabika: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na hapa chama kilianza kujipekua nguo zake. Mtu aliweza kukubaliana na masharti hayo au kuyapinga, lakini alijua tendo lipi limekatazwa. Unyonyaji ulikuwa na mipaka.

Kutoka tendo hadi mtu

Tatizo lilianza pale neno lilipohama kutoka kwenye tendo na kukaa juu ya watu. Kisarufi ni hatua ndogo sana: badala ya kusema "kodi hii ni ya kinyonyaji", mtu husema "wale ni wanyonyaji". Kitu kilichokuwa kivumishi cha tendo kinakuwa jina katika ngeli ya watu. Tendo likikatazwa linaweza kuachwa. Mtu akishaitwa kwa jina hilo, aache nini?

Nyerere aliiona hatari hiyo mapema. Tarehe 14 Februari 1967, siku 9 tu baada ya Azimio kutangazwa, alichapisha katika gazeti la The Nationalist makala ya kuonya kwamba ujamaa si ubaguzi wa rangi, na kwamba kuwahukumu watu kwa asili yao ni kuusaliti ujamaa wenyewe. Onyo lilihitajika. Mitaani Dar es Salaam, mnyonyaji aliyechorwa kwenye vikatuni na kuimbwa katika mashairi ya magazetini alikuwa mara nyingi na sura ya mwenye duka wa asili ya Asia. Mwaka 1971 sheria ilipoyataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, kigezo kilikuwa thamani ya jengo na matumizi yake. Hata hivyo wenye majengo wengi walikuwa wa asili ya Asia, na watu wengi, wakiwemo wenyewe walionyang'anywa, waliielewa sheria hiyo kuwa hukumu juu ya jamii nzima. Maelfu waliondoka nchini katika miaka iliyofuata.

Nchini Uganda hapakuwa hata na kigezo. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90. Taswira aliyoitumia ilikuwa jirani ya ile yetu: watu waliomkamua ng'ombe bila kumlisha. Makumi ya maelfu waliondoka, miongoni mwao masikini na matajiri, mwenye kiwanda na karani wake, kwa kuwa jina walilopewa halikuuliza nani amefanya nini.

Nasi Wanyarwanda hatuna haja ya kwenda mbali. Uburetwa na ubuhake yalikuwa mambo halisi, na mwanahistoria anapaswa kuyachunguza: nani alinufaika, wapi, kwa kiasi gani, na utawala wa kikoloni uliyakaza vipi. Lakini siasa za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 ziliichukua historia hiyo na kuifanya hatia ya kuzaliwa. Chifu wachache walionufaika waligeuzwa kuwa kabila zima, pamoja na watu masikini ambao mababu zao hawakuwahi kumwamuru mtu yeyote. Propaganda ya miaka ya 1990, katika gazeti la Kangura na redio ya RTLM, ilijenga juu ya msingi huo, na mwisho wake ulikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Majina ya wadudu na nyoka yaliyotumika wakati ule yalikuwa na kazi moja: kumwondoa mtu katika ngeli ya watu. Ndiyo maana mwalimu wa Kiswahili nchini Rwanda hawezi kuandika neno kupe ubaoni, kama mfano wa istiari, na kuendelea na somo bila kusimama kidogo.

Neno baada ya Azimio

Msamiati uliendelea kusonga. Mwaka 1983, katika uhaba mkubwa wa bidhaa, Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza kampeni dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Sheria iliyotungwa kwa ajili hiyo ililaumiwa kwa kuwabana watuhumiwa kupita kiasi, ikafuatiwa na nyingine mwaka 1984. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza masharti ya uongozi, na yale mambo matatu, hisa, mishahara na nyumba za kupangisha, yakaacha kuwa dhambi za kisiasa. Wapo waliodhani kwamba unyonyaji sasa utabaki neno la vitabu vya historia.

Haikuwa hivyo. Watu hawaachi neno wakati kitu chenyewe bado kipo. Nchini Tanzania mikopo ya riba kubwa inayotolewa mitaani na kwenye simu imepewa jina la kausha damu, na wengine huiita mikopo umiza. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kenya mkopeshaji wa namna hiyo huitwa shailoki, jina lililotoka katika tamthilia ile ile aliyoitafsiri Nyerere. Hapa kwetu watu husema banki lamberi, ingawa anayekopesha si benki hata kidogo, bali ni mtu mmoja na daftari lake. Angalia jinsi damu ilivyorudi katika jina la Tanzania. Aliyelibuni hakusoma simulizi za mumiani, lakini yeye na mababu zake wanazungumza lugha moja.

Linganisha pia majina haya. Kausha damu na mikopo umiza yanautaja mkopo na kinachofanywa na mkopo huo. Shailoki humtaja mtu, tena mtu aliyechorwa kwa chuki dhidi ya Wayahudi katika Ulaya ya zamani. Watumiaji wengi wa neno hilo hawalijui hilo, wala hatuwalaumu. Lakini sisi walimu tukiulizwa jina lipi ni bora, jibu tunalo.

Namna ya kulitumia

Kutokana na historia hii tunaweza kupata kanuni chache za darasani.

Kwanza, pasipo dhuluma tusitumie nyonya. Tuseme uchimbaji wa madini, matumizi ya ardhi, uendeshaji wa misitu.

Pili, umbo la -a kinyonyaji liambatane na jambo linaloweza kuchunguzwa: riba, mkataba, sheria, bei, saa za kazi. Anayesema "mkataba wa kinyonyaji" anaweza kuulizwa ni kifungu gani, naye atajibu.

Tatu, unyonyaji una pande mbili. Sentensi nzuri humtaja anayenyonya, anayenyonywa na kinachochukuliwa. "Wafanyakazi wananyonywa" ni mwanzo tu. "Wafanyakazi wanalipwa kwa saa 8 huku wakifanya saa 11" ni hoja, na hata neno lenyewe lisipotajwa, msomaji atalitaja mwenyewe.

Nne, jina mnyonyaji litumike kwa uangalifu, kwa mtu ambaye tendo lake limeonyeshwa, na lisiwekwe kamwe mbele ya jina la kabila, dini, asili au nchi. Sentensi ya namna hiyo inaweza kuwa na upatanisho sahihi wa kisarufi kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Bado irudishwe kwa mwandishi ikiwa na alama nyekundu.

Huenda mtu akasema kwamba kanuni hii ya nne inamlinda mnyonyaji, na kwamba tahadhari nyingi humfanya mnyonywaji akose sauti. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa wenye nguvu hupenda sana lugha isiyomtaja mtu. Lakini tukiitazama historia, waliofichika nyuma ya jina la jumla walikuwa mara nyingi wanyonyaji halisi. Umati ukielekezwa kwa mwenye duka, ofisa mla rushwa hupumua. Kabila likishitakiwa, chifu aliyepokea mazao na yule aliyemtuma hawahojiwi tena. Kulitaja tendo kwa usahihi ndiko kunakomnyima mnyonyaji mahali pa kujificha.

Hitimisho

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda, na wanafunzi wetu watakitumia katika mahakama, viwanda, masoko na ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Watatafsiri mikataba ya kazi na malalamiko ya wafanyakazi. Lugha iliyowafikia mababu zao kama amri ya msimamizi sasa imo mikononi mwao, pamoja na neno kali iliyolipata katika nchi jirani. Basi walitumie bila woga pale linapostahili, wakiliweka juu ya riba, juu ya mshahara na juu ya kifungu cha mkataba. Na pale mtu anapotaka kuliweka juu ya watu kwa sababu ya walivyozaliwa, wawe wa kwanza kumuuliza: wamefanya nini, lini, na nani kati yao?